UZI: Keloidi, kovu, sugu na ngozi iliyokonda. Hospitali wanaviweka mafungu gani, na inakuhusu nini?

Karani wa Misimbo (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kila wiki humu jukwaani mtu anapandisha picha ya ngozi yake na kuuliza "hii ni nini?", na hata picha haijafunguka vizuri ameshaambiwa apake asali na manjano. Kovu lililovimba, asali. Michirizi ya mimba, asali. Ngozi iliyokonda mpaka mishipa inaonekana, asali vilevile. Nimeona nifungue uzi mmoja ili angalau tujue tunazungumzia vitu vingapi tofauti.

Mimi si daktari. Kazi yangu ni kusoma alichoandika daktari kwenye faili na kukigeuza kuwa msimbo, ili takwimu ziende zinakokwenda na dai liende bima. Misimbo inatoka kwenye ICD, yaani Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa wa Shirika la Afya Duniani. Toleo la kumi lilipitishwa mwaka 1990 na ndilo ninalofanyia kazi mpaka leo. La kumi na moja lilipitishwa Mei 2019 na kuanza kutumika rasmi tarehe 1 Januari 2022, ila kuhamisha mifumo ya hospitali si kazi ya siku moja.

Kwenye toleo la kumi ngozi ina sura yake, ya XII, na misimbo yake inaanza na herufi L. Mpangilio wenyewe ndio ulionifanya niandike. Ngozi iliyonenepa juu, ile tabaka tunayoiona na kuigusa, iko L84 na L85: sugu, ngozi kavu iliyokakamaa, viganja na nyayo zilizoota ugumu. Ngozi iliyozidisha kwa ndani nyuzi zinazoishikilia iko L91, na mkubwa wa humo ni L91.0, keloidi, yaani kovu linaloota na kuvuka mpaka wa jeraha. Ngozi iliyosinyaa au kukonda iko L90. Na kovu la kawaida, lile la goti ulipoanguka na baiskeli? Limo L90.5, nyumba moja na ngozi iliyokonda! Likivimba ndipo linahamia L91.

Mwanzoni niliona ni mchezo wa karatasi. Lakini ukitazama kovu lililotulia utaona halina vinyweleo, halitoi jasho, na ile mistari midogo ya ngozi imefutika. Limepoteza vitu. Kwa hiyo kuliweka na ngozi iliyopungua kuna mantiki yake. Tatizo ni kwamba mafungu haya yamepangwa kwa sura ya ngozi ilivyo leo. Hayasemi imefikaje hapo, na mara nyingi tiba inafuata chanzo.

Mfano wa haraka: mguu wa matende. Ngozi imenenepa, ina mikunjo na vinundu. Hauko L85 wala L91. Ukiletwa na minyoo ya filaria unakwenda B74, sura ya maambukizi. Ukiletwa na udongo mwekundu wa volkano kwa mtu aliyelima pekupeku miaka mingi, kama inavyotokea Ethiopia, Rwanda na Uganda, unakwenda kwenye magonjwa ya mishipa ya limfu, I89. Miguu miwili inafanana kwa macho, misimbo mbali mbali, na dawa ya minyoo haitamsaidia huyu wa udongo.

Karibuni. Wenye taaluma mnisahihishe.

Nyundo ya Kariakoo

Nimekaa siti ya mbele. Karani shusha nondo.

Swali langu moja. Dada yangu alitoga sikio, likaota kinundu kama zabibu. Akakatwa. Kikarudi kikubwa kuliko cha kwanza. Alikosea wapi?

Tabibu wa Ngozi

Nyundo, dada yako hakukosea. Naomba nijibu hili kwa kirefu kwa sababu ndilo linaloleta watu wengi kliniki.

Kuna kovu lililovimba na kuna keloidi. Kovu lililovimba huanza mapema, wiki chache baada ya jeraha, linabaki ndani ya mipaka ya jeraha, na baada ya muda mara nyingi linashuka lenyewe. Keloidi inaweza kuchelewa miezi, hata mwaka, halafu inavuka mpaka wa jeraha na kutambaa kwenye ngozi ambayo haikuguswa kabisa. Haishuki yenyewe. Inawasha, inauma, na inapenda sehemu zake: ndewe ya sikio, katikati ya kifua, mabega, mstari wa taya. Inawapata zaidi watu wenye asili ya Afrika na Asia, hasa kati ya miaka 10 na 30, na huenda kwa ukoo.

Mfaransa Alibert ndiye aliyeieleza kitabibu mwanzoni mwa karne ya 19, na alidhani ni aina ya saratani kwa jinsi inavyotambaa. Si saratani. Ila tabia yake ya kurudi inaelezeka: kisu ni jeraha jipya, na mwili uleule uliojibu tundu la hereni kwa fujo utajibu na kisu. Keloidi ikikatwa tu bila tiba nyingine, uwezekano wa kurudi unatajwa kuwa kati ya asilimia 45 na 100. Hiyo si bahati mbaya ya dada yako, ni hesabu.

Kinachofanyika ni kuchanganya. Sindano za triamsinoloni ndani ya kinundu kila baada ya wiki 4 hadi 6, na zinauma, sikufichi. Vipande vya silikoni kwa miezi. Kugandisha kwa baridi kali. Kwa sikio, kukata kisha sindano, na hereni maalumu za kubana. Penye mashine za mionzi, dozi ndogo mara baada ya kukata. Dada asikubali kukatwa tena na mtu asiyemwambia atafanya nini baada ya kukata.

Mwanamke wa Shoka

Tabibu, nina kovu la upasuaji wa kujifungua, limevimba kwa upande mmoja tu. Nimechomwa hizo sindano, limeshuka, lakini sasa ngozi ya pembeni imepauka na imebonyea. Daktari aliniharibu?

Tabibu wa Ngozi

Hapana dada. Dawa ile ni ya jamii ya steroidi. Inashusha kovu kwa kupunguza nyuzi za kolajeni, na ikisambaa pembeni inapunguza pia nyuzi ambazo hukutaka zipungue, na rangi pamoja nazo. Rangi mara nyingi inarejea taratibu kwa miezi. Mwambie daktari kabla ya sindano ijayo ili apunguze nguvu ya dawa au arefushe muda.

Karani wa Misimbo

Mnaona sasa? Mtu ameingia L91 akatoka na kipande cha L90. Hii ndiyo sababu nasema mafungu haya yana kuta za karatasi.

Mzee wa Kibokoni

Wanangu, mimi niko Mombasa. Nina alama ya sijida kwenye kipaji tangu ujana. Mjukuu wangu anasomea uuguzi kaniambia ati ni ugonjwa una namba. Ni kweli, ama ananitania?

Karani wa Misimbo

Shikamoo babu. Hakutanii. Namba yake ni L84, sugu. Hapo hapo iko sugu ya kiganja cha mshika jembe na ya kidole cha mguu kwa anayebanwa na kiatu. Kuwa na namba hakumaanishi ni ugonjwa wa kutibiwa. Ngozi ikisuguliwa mahali pamoja inajiongezea tabaka la juu kujikinga. Kipaji chako kina haki yake.

Tabibu wa Ngozi

Shikamoo babu. Nakazia hapo hapo. Sugu ya kipaji iache. Ila sugu ya unyayo kwa mwenye kisukari ni habari nyingine kabisa. Chini yake panaweza kuwa na kidonda kinachochimba bila maumivu kwa sababu mishipa ya fahamu imelala. Usiikate kwa wembe nyumbani. Nenda ikapunguzwe kliniki, na miguu ikaguliwe.

Na kwa kuwa tumegusa kisukari: wazazi, mtoto mwenye shingo nyeusi, nene, yenye kugusika kama mahameli, msimsugue kwa jiwe na dodoki mkimwambia haogi. Mara nyingi hiyo ni akanthosisi nigrikansi, L83. Kwa wengi ni dalili kwamba insulini inafanya kazi kwa shida, hasa uzito ukiwa mkubwa. Hakuna sabuni itakayoitoa. Mpeleke akapimwe sukari.

Mzee wa Kibokoni

Marahaba wanangu. Nimetua moyo. Sasa namwambia mjukuu anioneshe hiyo shingo yake yeye.

Kinyozi Mkuu

Na vile vipele vya kisogoni vinavyoota kwa vijana, tunasingiziwa sisi vinyozi. Vinakuwa vigumu mpaka vinaungana kama mkufu. Hiyo nayo keloidi?

Tabibu wa Ngozi

Inaitwa hivyo kwa jina lakini si keloidi halisi. Ni uvimbe wa vishina vya nywele unaoishia kwenye kovu, ndiyo maana umewekwa kwenye magonjwa ya vinyweleo, L73.0. Kunyoa chini kabisa na kola inayosugua vinauchochea, kwa hiyo vinyozi hamjaonewa moja kwa moja. Mteja mwenye vipele hivyo usimshushe mpaka kwenye ngozi, na usafishe mashine kati ya mteja na mteja. Akija mapema vipele vikiwa vichache vinatibika kwa dawa. Akija vimeshaungana, anahitaji mpasuaji.

Mpogoro Halisi

Mimi nyumbani Mahenge, Morogoro. Kwetu kuna usubi, vile vijidudu vinavyouma kandokando ya mito inayokwenda kasi. Wazee wetu wengine ngozi imekuwa nene, inawasha usiku kucha. Wengine imekonda na kulegea kabla ya umri. Wengine miundi ina madoa meupe. Karani, hawa unawaweka wapi? Ugonjwa si mmoja?

Karani wa Misimbo

Mkuu umeuliza swali lililonishinda kulijibu kwa L. Wote wanakwenda B73, ugonjwa wa usubi, ule unaoweza pia kupofusha. Namba moja kwa sura zote hizo. Tabibu njoo.

Tabibu wa Ngozi

Nimefurahi umelileta hili, maana hapa ndipo utakapoona ngozi moja ikipita hatua zote tunazozungumzia humu.

Nzi anaacha minyoo, minyoo mikubwa inakaa kwenye vinundu chini ya ngozi na kuzaa watoto wengi mno ambao wanatembea ndani ya ngozi. Wakifa, mwili unawashambulia pale walipofia. Huo ndio muwasho. Kwa kuwa B73 haitofautishi, mwaka 1993 Murdoch na wenzake walitoa uainishaji wa ngozi ya usubi peke yake, wenye sura kuu tano: vipele vya ghafla, vipele vya muda mrefu, ngozi iliyonenepa kwa kukunwa na kuvimba, ngozi iliyosinyaa, na kupotea kwa rangi kwenye miundi, ile inayoitwa ngozi ya chui. Mtu mmoja anaweza kuwa na mbili au tatu kwa wakati mmoja. Ngozi iliyosinyaa ni ile unayoibana ikabaki na mikunjo midogo midogo, na mtu hajafika uzee.

Faida yake ni ya vitendo. Vipele na unene vinaonyesha uvimbe unaoendelea, kwa hiyo dawa ya ivermektini inaweza kuvipunguza. Kusinyaa na madoa meupe ni kumbukumbu ya miaka iliyopita, na vidonge havirudishi nyuzi zilizokwisha kuliwa. Kampuni ya Merck ilitangaza mwaka 1987 kuitoa dawa hiyo bure, ndiyo vidonge vya Mektizani mnavyogawiwa kijijini kwa kupimwa urefu. Mzee asiache kumeza eti kwa sababu ngozi yake haijarudi. Macho yake bado yanalindwa.

Mpogoro Halisi

Hapo nimeelewa. Kuna watu wameacha kumeza kwa sababu hiyo hiyo.

Chausiku

Naombeni nisitukanwe. Nilitumia mkorogo miaka kadhaa. Sasa nimeacha. Mapaja na kwapa zina michirizi mipana, mikono ikigongwa kidogo inavilia damu, na mashavu yamekuwa meusi na magumu. Nimekonda ngozi au nimenenepa ngozi? Maana naona vyote.

Karani wa Misimbo

Hakuna atakayekutukana kwenye uzi huu Chausiku, akijaribu namripoti kwa msimamizi.

Kwa upande wangu wa misimbo: michirizi ni L90.6, namba ileile ya michirizi ya mimba na ya kijana aliyerefuka ghafla. Kuna misimbo ya ziada, sura ya XX, ya kuonyesha kuwa dawa ndiyo iliyoleta madhara. Mimi sijaiona ikiandikwa na daktari anayemhudumia mtu wa mkorogo. Mgonjwa haulizwi, au anaulizwa mbele ya foleni nzima na anakana. Kwa hiyo kwenye takwimu madhara ya mkorogo yanaonekana ni michirizi tu, na mtunga sera akisoma anaona wanawake wamenenepa. Hili linanikera kuliko yote.

Tabibu wa Ngozi

Chausiku, una vyote kwa sababu mkorogo si kitu kimoja. Mara nyingi ndani yake kuna steroidi kali kama klobetasoli, kuna haidrokwinoni ya kung'arisha, na mara nyingine zebaki.

Steroidi ndiyo iliyokondesha. Tabaka la juu likipumzishwa hurejea kwa kiasi, na kuvilia damu kutapungua. Michirizi itafifia lakini haitafutika, na anayekuuzia mafuta ya kuifuta anakuuzia mafuta. Weusi mgumu wa mashavuni, hasa ukiwa na vidoa vidogo vyenye kukwaruza, unaelekea kuwa okronosisi, kazi ya haidrokwinoni. Ilielezwa Afrika Kusini mwaka 1975 kwa wanawake waliotumia krimu za kung'arisha. Uchungu wake ni kwamba aliyetafuta weupe anapata weusi, akidhani dozi ni ndogo anaongeza. Haitibiki kirahisi. Cha kwanza ni kuacha, cha pili kujikinga na jua. Zebaki inadhuru figo, kwa hiyo omba wapime mkojo.

Na kwa wengine mnaosoma kimya kimya: aliyejipaka mwili mzima kwa muda mrefu asiache ghafla peke yake. Dawa hizi zikipenya zinalaza tezi za juu ya figo, na ukiacha kwa kishindo unaweza kuishiwa nguvu vibaya. Nenda uachishwe.

Mama Tanga

Nimejiunga leo kwa ajili ya kuuliza tu. Ni sehemu za siri. Ngozi imekuwa nyeupe, nyembamba, inawasha mno, inachanika. Nimetibiwa fangasi mara nyingi, nikapewa na dawa za magonjwa ya zinaa mimi na mume wangu. Haiponi. Juzi daktari mwanamke kaniandikia klobetasoli. Nimesoma hapa kwamba klobetasoli inakondesha ngozi. Nimeogopa, sijaipaka.

Tabibu wa Ngozi

Mama, karibu sana, na ahsante kwa ujasiri. Bila kukuona siwezi kuthibitisha, lakini unayoeleza yanaendana na ugonjwa unaoitwa likeni sklerosasi. Hauambukizi. Si zinaa, mwambie na baba asikie.

Umekamata jambo lenyewe hasa. Toleo la kumi limeuweka L90.0, namba ya kwanza kabisa kwenye fungu la ngozi iliyosinyaa. Kwa hiyo mtu akisoma fungu tu anasema: ngozi imekonda, halafu mnampaka kinachokondesha? Lakini kinachoikondesha ngozi yako ni uvimbe wa kinga ya mwili wako mwenyewe, na klobetasoli ndiyo inayouzima. Ndiyo tiba ya kwanza. Unapaka kidogo sana kwa utaratibu ulioandikiwa, unapunguza, unarudi kuonwa. Usipotibu, makovu yanaweza kuziba njia, na asilimia ndogo ya wanawake hupata saratani mahali hapo. Toleo la kumi na moja limeutoa kwenye kusinyaa na kuupa EB60, jirani na mofea ambayo ni ugonjwa wa ngozi kukakamaa. Naona huko ndiko kwao.

Paka dawa, mama. Uende na kliniki kwa tarehe uliyopewa.

Mama Tanga

Ahsante mwanangu. Naanza leo.

Fundi Umeme

Mimi niliungua, kovu limenikaza kiwiko. Wanaandika namba 0 mpaka 13 kwenye faili kila nikienda mazoezi. Ndiyo hizo ICD?

Tabibu wa Ngozi

Hapana, hicho ni kipimo cha Vancouver cha mwaka 1990, kwa makovu ya moto. Wanatazama kimo, ulaini, rangi na wekundu wa damu, kisha wanajumlisha. Jumla ikishuka unaendelea vizuri. Udhaifu wake ni kwamba wekundu kwenye ngozi nyeusi hauonekani kirahisi, na hakiulizi kama linauma wala kuwasha. Waambie wewe mwenyewe, na wapime kiwiko kinanyooka kiasi gani.

Nyundo ya Kariakoo

Narudi na la dada. Amepeleka dai la hizo sindano, bima wamerudisha fomu wameandika "urembo". Msimbo ni L91.0. Karani, tufanyeje?

Karani wa Misimbo

Nilikuwa nalisubiri hili. L91.0 inabeba keloidi na kovu lililovimba kwa pamoja. Anayekagua dai anaona namba inayoweza kuwa kovu dogo litakaloshuka lenyewe, anagonga muhuri. Toleo la kumi na moja limetenganisha: EE60.0 keloidi, EE60.1 kovu lililovimba. Mpaka tuhamie huko, maelezo ndiyo yatakayombeba.

Dada arudi kwa daktari, aombe barua yenye haya: neno keloidi liandikwe wazi, iko sikio gani na ina sentimita ngapi, imevuka mipaka ya tundu, inauma, inawasha, imewahi kutunga usaha au la, ilikatwa lini na ikarudi baada ya muda gani. Hiyo ya kurudi baada ya kukatwa ndiyo nzito, kwa sababu kovu la kawaida halifanyi hivyo. Picha yenye rula pembeni iambatishwe. Kisha aandike barua ya kupinga, aambatanishe ile fomu yenye neno "urembo", na abaki na nakala ya kila karatasi.

Nyundo ya Kariakoo

Picha ya zamani kabla ya kukatwa ipo kwenye simu yake. Inafaa?

Karani wa Misimbo

Inafaa sana. Ichapishwe, nyuma iandikwe tarehe iliyopigwa.